Kijiko cha Majigambo

Ipo siku moja ya likizo naikumbuka sana, mwanangu. Nilishuka treni Bukene nimevaa sare ya shule, ingawa hakuna aliyenituma kuivaa. Nilikuwa kidato cha pili, na Kiingereza changu kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Lakini nyumbani nilishawaambia kwamba hakuna neno linalonipita.

Mdogo wangu Kabula, wa miaka mitatu, alikuwa na kikohozi. Baba akaleta chupa ya dawa, maandishi yote Kiingereza. Shangazi Nyanzala akasema tumpelekee mwalimu jirani atusomee.

"Mwalimu wa nini, na mimi nipo?" nikadakia.

Nikasoma kwa sauti, majirani wakisikiliza, nimeukunja ulimi kama niliyezaliwa Ulaya. Palipoandikwa kijiko cha chai, nikasema kijiko cha chakula. Lile neno la Kiingereza sikulijua, mwanangu. Niliona haya kusema sijui. Mama akampa Kabula kijiko kikubwa kilichojaa.

Alasiri Kabula akalala usingizi mzito, haamki hata kwa maji usoni. Baba akampakia mama kwenye baiskeli, mtoto kifuani, mbio zahanati. Nikawakimbilia nyuma nikilia. Mganga akaisoma chupa, akasema dawa imezidi. Mungu mwema, jioni Kabula alifumbua macho akaomba uji. Leo ana wajukuu huko Ziba.

Shangazi hakunipiga. Alinikalisha jikoni, akauliza, "Ulijua, au ulitaka tujue kwamba unajua?"

Nikakiri kwamba lile neno sikulijua.

"Mama yako akivaa kanga mpya hutembea kwa madaha," akasema taratibu. "Na afurahi, hamdhuru mtu. Mpiga ngoma asiye na mbwembwe, nani atamchezea? Hata mwenye maringo hukera watu tu, basi. Lakini haya yako ni majigambo. Umedai usichonacho, akaumia mtoto."

Kisha akanifuta machozi kwa upindo wa kanga yake. Na yeye, alisema, aliwahi kuwa msichana wa kujigamba.

Nakuona siku hizi na simu yako, ukijipiga picha na gauni jipya. Jipige, umependeza, madaha hayo hata mimi nayapenda. Ila ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha mtafute anayejua. Kuuliza si ujinga, na aibu yake ni ya dakika moja tu. Aibu ya majigambo mimi ninayo hadi leo, na mvi hizi.

Nenda, mwanangu. Mungu akuzidishie elimu, na wanaokutegemea wasidhurike kwa neno la kinywa chako.