Swali la Ng'ombe Kwenye Dodoso

Asubuhi ile nilitoka Lemara bila mpango, begi mgongoni. Chumba nilikuwa nimekirudisha kwa mwenye nyumba. Huwa nafanya hivyo nikishaanza kujua majirani wanapika nini kabla hawajafunua sufuria. Nikapandisha taratibu kuelekea Sekei, na nilipofika kwenye chuo kimoja mvua ikanikuta. Nikajibanza barazani, kando ya dirisha la darasa.

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijaweza kupita dirisha la darasa bila kusikiliza. Ndani, mwalimu wa takwimu, mama wa makamo mwenye sweta, alikuwa anawaita wanafunzi ubaoni mmoja mmoja. Nilivyoelewa, kazi za kuandika alikuwa ameacha kuziamini, maana akili mnemba ilikuwa inawaandikia wote, tena vizuri. Sasa mwanafunzi anaacha simu mezani, anashika chaki, anaeleza namba zake zimetoka wapi.

"Ikiwafanyia hesabu sina neno," alisema. "Hata mimi naitumia. Lakini wenye kaya, nani alikwenda kuwauliza?"

Zamu ilikuwa ya dada mmoja wa mwaka wa mwisho. Alikuwa amepeleka dodoso kwenye kaya kumi na moja juu ya Ngaramtoni, kuuliza habari za mashamba na mifugo.

"Kaya ya tatu, ng'ombe kumi na saba," alisoma. "Ya nne, ishirini na wawili."

"Mzee wa kaya ya tatu alikutajia mwenyewe, kumi na saba?"

"Ndiyo, madam."

Nikacheka kwa sauti. Sikukusudia. Darasa zima likageukia dirishani.

"Mama, kuna nini?" mwalimu akauliza, bila ukali.

"Samahani, mwalimu. Kule nimekamua ng'ombe wa watu miaka miwili. Mzee hatakutajia idadi ya ng'ombe wake. Kwao kuwahesabu ni kuwaitia mabaya."

"Madam, shahidi huyo kaja kwa miguu yake!" mmoja akasema kutoka nyuma, wakacheka.

Dada wa ubaoni hakucheka. Alieleza polepole, macho yakiwa kwenye chaki. Alikwenda kweli, kaya zote. Alipewa chai, akajibiwa kila swali, ila kwenye ng'ombe wazee walisema tu "wapo", au "Mungu ametujalia". Safu nzima ikabaki tupu. Akaona aibu kuleta kazi yenye pengo, akaipa akili mnemba majibu mengine yote, ikamjazia.

"Ungeniletea pengo lako ningekupa maksi," mwalimu alisema. "'Wapo' ni jibu, ungeliandika. Hii siipokei. Jumatatu niletee walichosema wenyewe, la sivyo wenzako watahitimu bila wewe."

Mvua ilipokatika dada akanikuta barazani.

"Shikamoo, mama. Umenichoma."

"Marahaba. Nimekuchoma, kweli."

"Sasa nikawaulizeje? Kwetu Lindi tunafuga kuku."

Nikamwambia kwamba nilipokuwa nakamua, nilielekezwa hivi: leo anza na yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, yule mwenye pembe iliyopinda mwache. Wanawajua mmoja mmoja. Dada akaniuliza kama nina safari. Sikuwa nayo. Tukaondoka pamoja.

Kwa mzee wa kaya ya tatu tulifika saa tisa alasiri. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachonga mpini kwa panga.

"Umerudi, binti wa Lindi?" akamwambia dada baada ya salamu. "Chai yetu imekunogea."

"Babu, nimekuja kukuomba radhi. Niliandika idadi ya ng'ombe wako, na wewe hukuisema."

"Uliandika wangapi?"

Dada akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Mzee akaona, akacheka mpaka akaweka panga chini.

"Sitaitaja, babu," dada akasema. "Naomba unieleze tu walivyo."

Mzee akageukia malishoni. Kisha akaanza: yule mweusi aliyevunjika pembe, na dada yake, na bintiye mwenye madoa, anayepiga teke. Yule wa kijivu aliyezaliwa mwaka wa ukame. Dada aliandika kila mmoja na mstari wake. Ghafla mzee akamgeukia.

"Wewe, unahesabu?"

"Naandika tu, babu."

"Andika. Kuhesabu, kahesabie Lindi."

Bibi mwenye nyumba akatoka jikoni kuuliza tunalala wapi. Kaya kumi zilikuwa zimebaki, na ilikuwa Alhamisi.

"Huyu alale na binti zangu," bibi akaamua. "Wewe, mama, kuna chumba cha mahindi. Kitanda kipo. Panya nao wapo."

Nikaingiza begi langu, nikasogeza magunia mawili ukutani, nikatandika. Nje dada alikuwa anafungua ukurasa wa pili, na mzee alikuwa bado yuko kwenye ukoo wa yule mweusi.