Ukifika Kwa Mnara, Panda

Watu wa kwetu wanaamini kwamba mtu mzima hapandi baiskeli kwa kupenda. Mwanamume akionekana juu ya baiskeli, anapeleka maziwa au mkungu wa ndizi sokoni. Mwanamke akionekana juu ya baiskeli, basi kuna jambo limeharibika nyumbani na ni vizuri kumwombea. Mimi ni mwanamke. Nina kazi ya ofisi mjini Embu, nina nyumba ya kupanga mtaa wa Majimbo, nina gari dogo ambalo huwaka likijisikia, na Jumamosi nikipata nafasi napanda baiskeli kwa kupenda. Nimechoka kueleza.

Baiskeli yenyewe ni ya njia za changarawe. Ina tairi nene kidogo, usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na gia nyepesi za kupandia milima. Imeundwa kwa barabara zilizosahauliwa, na huku kwetu hizo hazijawahi kutuishia. Ukishuka kutoka Embu ukaingia Mbeere unafika weru, ile nchi ya chini ya joto na vumbi jekundu, yenye migunga na mito ya mchanga mtupu. Ukiendelea unavuka Tharaka, mlima wetu mkubwa wote ukiwa kushoto kwako kama jirani anayekuchungulia. Kisha unageuka na kuanza kuukwea huo mlima, na kabla siku haijaisha umetoka kwenye ndengu na mbuzi, umeingia kwenye ndizi na kahawa, na sasa unatafuta sweta. Nchi hii nilikuwa nimeipita kwa vipande vipande. Lakini njia niliyoitaka hasa, kutoka mlangoni kwangu Majimbo hadi mlangoni kwa mama Kanyakine, kupitia weru badala ya ile lami ya juu, sikuwa nimeimaliza hata mara moja.

Wazungu wakipita huko na baiskeli kama yangu, watoto hukimbia kando yao wakishangilia. Nikipita mimi, mtu mzima anaacha jembe na kuja hadi barabarani.

"Pole, madam. Gari imeharibika?"

Nimewahi kujibu kwa upole. Nimewahi kujibu kwa ukali. Siku moja karibu na Siakago nilichoka nikasema ndiyo, imeharibika, na yule baba wa watu akaacha kazi yake yote kwenda kunitafutia fundi. Sasa hapo utafanya nini? Nilipiga pedali nikakimbia kama mwizi.

Huko weru angalau hawanijui. Kanyakine wananijua. Mara ya kwanza kufika kwa mama na baiskeli nilipitia lami ya juu, na aliyeniona kwanza ni jirani yetu wa upande wa juu, ambaye yuko katika kikundi cha maombi cha mama. Kufikia Jumapili nilikuwa nimefutwa kazi, gari langu limepigwa mnada, na mume wangu amenifukuza. Sina mume! Wiki hiyo akina mama walimjia mama yangu na unga, ndizi na maombi marefu. Mama alipokea, maana unga haurudishwi. Walipoondoka akanipigia simu.

Lazima mjue kwamba mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumbani tunaongea Kimeru, lakini mama akikasirika anakiweka Kimeru kando na kushika Kiswahili chake cha darasani, na hapo hakuna mjadala.

"Nimeombewa mbele ya watu," alisema, "kwa sababu ya baiskeli."

Nilijua kinachofuata ni kunikataza. Haikuwa hivyo.

"Jumamosi ijayo kikundi kitakuwa kwangu, ni zamu yangu. Nimewaambia kwamba mtoto wangu anapita weru kwa hiari yake na kwa nguvu za miguu yake. Kwa hivyo utakuja. Lakini uje umeipanda hiyo baiskeli. Usije ukiisukuma, wala usije umebebwa. Ukija umebebwa, mimi sitakuwa na pa kuweka uso wangu."

Sikuamini masikio yangu. Mama hakuwa amewahi kuniuliza hata swali moja kuhusu hizi safari. Nikajibu, "Sawa, mama," kwa sauti ya mwanafunzi.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikashuka kwa baiskeli hadi Ishiara, nikalala huko. Jumamosi alfajiri nilikuwa barabarani, bado kuna ubaridi kidogo, na kwa muda mfupi dunia yote ilikuwa nzuri. Halafu ramani ya simu ikaanza kunidanganya. Palipoandikwa njia ya udongo nilikuta mkandarasi amemwaga mawe makubwa kama viazi vitamu, tayari kwa lami. Pale pa kupitia kando walikuwa wameweka matawi ya miiba. Najua, najua: mimi ndiye mtu pekee Tharaka nzima anayehuzunika akiona lami inakuja. Mama mjamzito aliyewahi kupelekwa hospitalini kwenye njia ile angenizaba kofi, na ningestahili. Lakini nilitukana yale mawe moja moja. Ukutani mwa darasa la mama paliandikwa kwamba penye nia pana njia. Nia nilikuwa nayo. Njia ndiyo ilikuwa imefunikwa na mawe.

Nikapinda kwenye kijia cha pembeni, nikapotea, nikatokea kwenye kiduka kimoja chenye mama aliyekuwa akipepeta ndengu. Kuuliza si ujinga, nikauliza.

"Mama, nataka kufika Mitunguu."

Alinitazama, akaitazama baiskeli. "Na hiyo?"

"Na hii."

"Woi! Gari imeharibika?"

"Gari iko sawa, mama. Njia ni ipi?"

"Haya. Fuata hii barabara, usikate kona. Ukifika kwa mnara wa simu, panda."

"Nipande?"

"Panda. Usiogope, hapo watu wote hupanda. Hata kuna kivuli."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Mtu anayekuambia mapema kwamba kuna mlima, na juu yake akakuambia una kivuli, huyo ni ndugu yako.

Kwa mnara barabara kubwa iliendelea mbele, na kushoto kulikuwa na kijia kimesimama wima kuelekea kilimani. Chini ya mti kulikuwa na pikipiki kadhaa na wenyewe wamejilaza juu yake. Mmoja, mwanamume wa ndevu za mvi aliyevaa koti la ngozi kwenye jua lile lote, aliinuka akanipungia mkono.

"Madam, panda!" alipiga kelele. "Panda!"

Hata mimi nilishangaa. Hatimaye mtu wa weru ananishangilia! Nikampungia, nikasema asante sana, nikasimama juu ya pedali na kukikwea kile kijia kwa nguvu zangu zote. Nyuma yangu nilisikia kelele zikizidi. Nikadhani ni shangwe.

Kilima kile sitakisahau. Mawe yalikuwa yanateleza chini ya gurudumu kama mahindi makavu sakafuni. Nikapanda, nikashuka nikasukuma, nikapanda tena, jasho likiniingia machoni, nikijiambia kwamba kila hatua inanisogeza kwa mama. Kijia kiliishia kwenye zizi la mbuzi. Mzee mmoja mwenye redio kifuani alinitazama kwa muda mrefu.

"Njia ya Mitunguu ni hii?" nikauliza, nikihema.

"Huku hakuna njia," alisema. "Huku ni kwangu."

Niligeuza baiskeli bila hata kuaga vizuri. Kuteremka nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hashiki breki. Jiwe moja lenye ncha lilipasua tairi la nyuma ubavuni, mpasuko wa kupitisha kidole. Pancha ningeziba, nina vifaa. Nikaweka tyubu mpya, nikakunja pakiti ya maziwa nikaikinga kwa ndani, nikapiga pampu. Tyubu ikatoka nje kama puto, ikapasuka. Nikakaa chini kwenye mawe nikajisemea maneno ambayo mzee wa kanisa hafai kuyasikia. Kisha nikaisukuma baiskeli hadi kwa mnara.

Wanaume wa pikipiki walikuwa wananingoja. Yule wa koti alitikisa kichwa.

"Madam, si nilikuambia upande?"

"Nilipanda!"

"Ulipanda mlima. Nani alikuambia upande mlima? Mimi nilikuwa nakuambia upande pikipiki. Hapa ni steji. Kila mtu anayeenda Mitunguu anapanda hapa."

Wenzake waliangua kicheko mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki yake kwa kucheka. Kumbe hata yule mama wa ndengu! Katika mawazo yake hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kufika mbali vile kwa miguu yake, kwa hivyo nikifika kwa mnara nitatafuta pikipiki, niketi kivulini, ningoje. Na mimi kwa kiburi changu cha milima, nikisikia panda, nasikia mlima tu. Nilitaka kulia. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Na kwa sababu pale kwa mnara mtandao haukosekani, simu ikalia.

"Wamemaliza maombi," mama alisema kwa sauti ya chini. "Nimewapa chai, nawaambia wanywe polepole. Uko wapi?"

"Niko njiani, mama."

"Umeipanda?"

Nikalitazama lile tairi. "Nakuja, mama."

Mpango wangu ulikuwa huu, na msinihukumu. Chini ya kwetu kuna kiwanda cha kahawa, na baada yake kona. Ukiwa kwenye hiyo kona, nyumba haikuoni. Ningeshukia hapo, niachane na pikipiki, nipande baiskeli hivyo hivyo na tairi lake lililokufa, nikwee hicho kipande cha mwisho mbele ya wale akina mama. Rimu ikiharibika na iharibike. Yule wa koti alifunga baiskeli nyuma kwa mipira, gurudumu likinigonga kisogoni kila tukipita shimo, tukaondoka.

Njia niliyoiota miaka yote ikapita hivyo. Mitunguu na ndizi zake, kona moja baada ya nyingine, hewa ikibadilika, udongo ukinona, kahawa zikianza, mlima ukinisogelea. Kila kona niliyotaka kuitolea jasho nilibebwa nikapitishwa kama gunia la kabeji. Sijawahi kuchukia mandhari nzuri namna ile.

Tukapita kiwanda cha kahawa. Nilikuwa nimeshamgonga dereva begani ili asimame, ndipo niliposikia wimbo.

Mama alikuwa ameshindwa kungoja. Alikuwa amewashusha akina mama wote, na vitambaa vyao vya kichwani, hadi kwenye ile kona ili wanipokee kwa nyimbo. Yeye alikuwa mbele kabisa. Dereva, akidhani heshima yote ile ni yake, akapiga honi mfululizo hadi tukasimama katikati yao.

Wimbo ulikufa sauti moja moja. Nilishuka. Jirani wa upande wa juu alikuwa wa kwanza kunishika mkono.

"Pole, mwari wetu, binti yetu," alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa, hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Na hivi mama yako alivyotuchosha tangu asubuhi! Eti saa hii yuko Chiakariga. Eti saa hii anavuka mto. Eti sasa yuko Mitunguu, ameanza mlima, leteni chai nyingine. Kila mahali anapajua, ungedhani ni yeye anaendesha."

Nilimtazama mama. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama baiskeli, imelala nyuma ya pikipiki miguu juu, tairi likining'inia kama ulimi. Uso wake niliujua tangu darasa la pili, na nikangoja niambiwe nisimame kwenye kona ya ukuta.

"Ishushe," alimwambia dereva.

Ikashushwa. Mama aliikamata, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, kwa namna ya mtu anayeshikilia ng'ombe akamuliwe. Akaigeuza ikaelekea mlimani. Kisha akaongea, na hakikuwa Kimeru.

"Panda."

"Mama, tairi limekwisha."

"Sikukuuliza habari ya tairi."

Nikapanda. Rimu ilikwaruza mawe kwa kelele ya sufuria inayoburutwa, baiskeli ikiyumba huku na huku, na kipande kile kilikuwa kikali kuliko nilivyokikumbuka. Nyuma yangu nikasikia sauti moja ikianza wimbo upya, sauti ya mama, ambayo tangu zamani haishiki noti. Aliimba peke yake kwa kitambo kirefu. Halafu wengine wakaingia, mmoja mmoja, kwa sababu mwalimu wao haachwi akaimba peke yake.

Sikugeuka nyuma. Machozi yalikuwa yananitoka wazi, na huku juu kwetu hakuna vumbi la kusingizia.