Dakika Arobaini za Bibi Zuhura

Sogea karibu, mwanangu, na hiyo simu iweke chini kidogo. Umeniambia ina asilimia thelathini kana kwamba umezihesabu kwa vidole. Nakumbuka siku moja nami niliamini namba ya namna hiyo, na hadi leo nikipita mtaa wa Buyenzi natazama chini.

Ilikuwa wakati wa vita. Harusi za Bujumbura zilifanywa mchana na kumalizwa mapema, watu wawahi nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Nilikuwa kijana mwenye kamera ya video, na nilijiona mtu. Betri yake ilikuwa ya kisasa, inaonyesha dakika zilizobaki. Ilipochoka niliipasua, nikatoa seli za ndani na kutia nyingine nilizozipata sokoni Jabe, zimetolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Kile kibao kidogo kinachohesabu nilikiacha palepale. Nikaichaji, ikaonyesha imejaa, nami nikajisifu mtaa mzima.

Ngoja nikueleze, si jambo gumu. Chaji haionekani kwa macho. Fikiria bidoni nyeusi, yaani dumu, huoni maji yaliyomo. Unamweka mtu mdomoni pake ahesabu makopo yanayoingia na yanayotoka. Akijua bidoni inabeba makopo ishirini, ukichota kumi atakuambia yamebaki kumi. Kibao cha betri ndicho huyo mtu. Sasa mimi nilibadilisha bidoni, nikaweka ndogo, wala sikumwambia. Alipoona imejaa hadi juu, akasema ishirini kama kawaida yake. Hakudanganya, mwanangu. Alikadiria kwa kile alichokijua.

Harusi yenyewe ilikuwa ya mjukuu wa Bibi Zuhura. Baba wa bibi harusi, mtoto wa pekee wa Bibi, alikuwa ng'ambo. Alivikimbia vita siku ileile waliyomzika baba yake, akamwacha mama yake na msiba peke yake. Tangu hapo Bibi hakutaka hata kuisikia sauti yake kwenye simu. Siku hiyo, wageni wakiwa kwenye pilau, aliniita chumbani.

"Mutoto, hii kintu yako iko na wakati ya kutosha? Nataka kusema na baba ya huyu bibi harusi. Nitasema mara moja tu."

"Iko, Bibi. Minuti makumi ine. Sema mpaka uchoke."

Shangazi mmoja aliyeleta kigoda akacheka. "Afazali ikupige picha weye, Bibi. Sisi tangu asubui inatuangalia midomo tukikula tu!" Akatoka, akafunga mlango.

Bibi alitoa salamu, akamtaja mtoto wake kwa jina, kisha akainamisha kichwa na kufumba macho. Hapohapo kioo cha kamera kikawa cheusi. Muda mfupi tu kabla kilikuwa kimeandika thelathini na nane.

Nilipaswa kumwambia. Badala yake nikaichomoa betri, nikaipangusa kwenye shati, nikairudisha, nikabonyeza, nikabonyeza tena. Bibi alikuwa anaendelea. Sauti yake ilipasuka, ikatulia, ikapasuka tena, na mimi nilikuwa na kazi ya vidole. Alipofumbua macho mtandio wake ulikuwa umelowa.

"Imeingia yote?"

"Bibi... imezimika."

"Wakati gani?"

"Nyuma ya salamu."

Akasema taratibu, bila kupandisha sauti: "Uliniambia minuti makumi ine. Ulikuwa unajua, ao ulikuwa unazania?"

"Nilisoma pa kamera, Bibi."

"Mi sikuuliza kamera. Nilikuuliza weye." Akajifunga mtandio upya. "Aya, si ulikuwa hapa? Ulisikia. Utamuambia weye."

Nilifungua mdomo. Sikuwa nimeshika hata neno moja la aliyoyasema, naye akaliona hilo usoni pangu. Akainuka, akarudi kwa wageni wake.

Siku chache baadaye alikubali tena. Nilichomeka waya ukutani, sikutumia betri. Akatazama kamera na kusema: "Mwanangu, nimekusamehe. Kaa salama." Akainuka. Kaseti ikasafiri, ikafika. Miaka ikapita, Bibi akafariki, vita vikaisha, na mtoto wake akaja kunishukuru. Akaniuliza kama mama yake hakusema kingine. Nikamjibu kwamba alisema mengi sana, ila sikusikiliza. Alibaki ameshika mkono wangu kwa muda, kisha akauachia.

Kwa hiyo, mwanangu, usiidharau namba ya betri, lakini ujue ni kadirio. Hata usipoipasua, betri ikizeeka bidoni inapungua yenyewe, na anayehesabu huchelewa kujua. Mtu akikuuliza, mwambie kama unajua au unadhani. Kusema "nadhani" hakumpunguzii mtu heshima. Na chombo kikikufia mbele ya mtu anayefungua moyo wake, mwambie asimame, hata kama uso utawaka. Mungu akujalie masikio yanayowahi kabla ya mikono, na akuepushe na swali lile la mtoto wa Bibi, nililoshindwa kulijibu.

Leo jioni itumie simu yako mpaka ijizime yenyewe, uitazame inaonyesha ngapi pale inapozimika. Kisha ichaji bila kuichomoa mpaka ijae, ili anayehesabu aipime bidoni yake upya.