Siku Kumi na Nne Ambazo Mwinjuma Hakufanya Kazi

Mwinjuma wa Mzenga alikuwa mpishi wa Bwana Mpima, Mzungu aliyekuwa akipima ardhi ya Kisarawe kwa minyororo na vigingi. Mwaka 1951 bwana huyo alipata likizo ndefu ya kwenda kwao, kusini kabisa ya dunia, akamchukua mkewe, watoto wawili na mpishi. Walipokwisha kuona ndugu wakapanda meli nyingine hadi kisiwa kimoja cha Fiji, wakakaa siku kumi na nne.

Mwinjuma aliporudi, miezi kumi ilikuwa imepita tangu apeleke posa kwa Siwema binti Mwinyimadi. Siwema alikuwa amekwisha kuwakataa watu wawili kwa ajili yake. Akija wa tatu, baba yake alisema, hatamwuliza binti.

Ikabidi Mwinjuma aende kujieleza, na mshenga wake Hemedi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Huko kisiwani ulifanya kazi gani?”

“Sikufanya, mzee. Nilikatazwa.”

Hemedi alikohoa. Mzee Mwinyimadi akaweka kikombe chini.

“Na nani?”

“Na Bwana. Alisema wapishi wa hoteli wapo, mimi nipumzike.”

“Ukawa unakula nini?”

“Tunaletewa. Magimbi, mihogo, mashelisheli, na samaki waliofukiwa kwenye shimo la mawe ya moto.”

“Na mchana kutwa?”

“Asubuhi tunalala mchangani, juani. Jua likipanda tunaingia baharini. Tukitoka baharini tunalala tena mchangani.”

“Wagonjwa wote hao?”

“Wazima, mzee. Wamelipa nauli.”

Mzee alikuwa akimjua mtu mmoja wa Mzenga aliyepelekwa kisiwani enzi za Mjerumani, akawa analetewa chakula na kukatazwa kazi. Yule alikuwa na ukoma. Naye hakuna aliyemwambia kuwa yuko likizo.

“Mwambie habari za ngoma,” Hemedi alisema haraka.

“Jioni kulikuwa na ngoma,” alisema Mwinjuma. “Kwanza tunakunywa maji ya mizizi kwa kifuu cha nazi. Si pombe, mzee. Ila ulimi unakufa ganzi.”

“Ganzi,” alisema mzee. Alilisema mara moja tu, akamgeukia dada yake.

Katika nyumba ile mwoaji alikaguliwa na shangazi, na Shangazi Mwanamkuu alikuwa ameketi pembeni muda wote akitafuna tambuu. Akatema, akajifuta mdomo.

“Pandisha kanzu, baba, niione miguu.”

Kwenye shavu la mguu wa kushoto palikuwa na baka jeupejeupe, ukubwa wa kunde.

“Hili?”

“Matumbawe, shangazi, yalinikwaruza. Maji yakipwa tunatembea mwambani kutazama samaki.”

“Kuwavua.”

“Kuwatazama tu.”

“Mnawatazama, halafu?”

“Halafu tunarudi mchangani.”

Nyuma ya pazia Siwema alikuwa akikuna nazi. Mwinjuma alisikia mkono wake umesimama.

Shangazi akatoka uani, akarudi na mwiba wa mlimau. Mzenga nzima wanajua kuwa baka la ukoma halisikii mwiba. Mwinjuma naye alijua, lakini hakuambiwa wala hakuuona ule mwiba. Aliambiwa tu, “Geuka, utazame mpapai ule.”

Akautazama. Ulikuwa na mapapai saba. Kitu kikamwingia mguuni kama moto. Mwinjuma akakumbuka alivyofundishwa jandoni, kwamba mwanamume akiumizwa mbele ya watu halii wala hajitikisi, tena hapa ni ukweni. Akakaza meno. Akayahesabu mapapai upya.

Shangazi akazamisha zaidi. Mapapai yakawa manane.

“Hasikii,” alisema Shangazi.

“Innalillahi,” alisema mzee, akaanza kunyanyuka.

Hemedi aliinamisha kichwa.

“Mwinjuma!” sauti ilitoka nyuma ya pazia. “Wanakupima ukoma! Unauma au hauumi?”

“Unauma sana,” alisema Mwinjuma, bado akiutazama mpapai.

Shangazi akachoma tena ili ahakikishe.

“Mama yangu weee!”

Kuku walitawanyika. Teke lake likaangusha birika la kahawa, nusu ikaingia kwenye kiatu cha Hemedi. Shangazi aliutazama ule mwiba, akaupangusa kwenye khanga.

“Mzima huyu,” alisema.

Mzee akaketi tena polepole. Binti anayeposwa haruhusiwi kutia neno kwenye mazungumzo ya posa yake. Hilo nalo lilikuwa jambo zito.

“Nani aliyepiga kelele humo ndani?”

“Jirani,” alisema Shangazi Mwanamkuu.

Jirani wa karibu alikuwa ng’ambo ya mto. Mzee alifikiri kidogo.

“Ana sauti,” alisema. Kisha akamwuliza Hemedi, aliyekuwa akimwaga kahawa kutoka kiatuni, kama wanaweza kuwa tayari kwa harusi kabla mpunga haujavunwa.