Mama Alipolinda Kidoti cha Kijani

Kampuni yetu huuza matangi ya maji, na kazi yangu ni kuwajibu wateja wanaouliza tangi lao limefika wapi. Jumatatu na Jumanne naenda ofisini Athi River. Siku zilizobaki nafanyia kazi nyumbani Kithimani, kwenye kona ya jikoni, mahali pekee ambapo mtandao hushika. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu utotoni. Hata safari za shule nilikuwa naugua asubuhi yake. Nilipoambiwa kuna kazi ya kukaa kwa mama na mshahara unaingia, nilidhani Mungu amenikumbuka.

Sikujua habari ya kidoti. Kwenye kompyuta, kando ya jina lako, kuna kidoti cha kijani. Ukikaa dakika tano bila kugusa kitu kinakuwa kijivu, na mkubwa wetu anakiona. Akatangaza: atakayefifia mara tatu kwa mwezi atarudi ofisini siku zote tano. Mimi nilikuwa na mbili tayari. Moja choo, nyingine ng'ombe wa jirani aliyeingia kwa mahindi yetu. Kuanzia hapo nikawa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Hata kupiga chafya, mkono mmoja ulibaki kwa kipanya cha kompyuta.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya mama kupokea jumuiya, akina mama kumi na mmoja wanaosali nyumba kwa nyumba. Akasimama mlangoni.

"Wee, viti havitoshi. Kimbia kanisani ulete benchi."

"Mama, niko kazini."

"Kazini wapi? Si nakuona umekaa?"

Shangazi, aliyewahi kufika kwa sala, akacheka nyuma yake. "Mwanamume mzima, mchana, jikoni! Hata kuku wametoka."

Nikamkabidhi mama kipanya. "Sogeza-sogeza hiki tu. Usibonyeze kitu." Akaketi akikodoa macho kama mtu anayelinda mtama ulioanikwa.

Niliporudi na benchi kichwani, nikasikia sauti ya mkubwa ikitoka kwa kompyuta. Alikuwa amepiga, na mama, ambaye hajawahi kumwacha mtu akibisha hodi bure, alikuwa ameitika kwa kubonyeza. Sasa akina mama walikuwa wamepanga foleni kumsalimia, mmoja mmoja, kila mmoja akiuliza watoto na kama kwao mvua imenyesha.

"Na huyo kijana wenu yuko wapi?" mkubwa akauliza mwishowe.

Mama angeweza kusema niko choo. Lakini Biblia ilikuwa mapajani.

"Nimemtuma benchi."

"Mama, hii inakuwa mara ya tatu," mkubwa akasema.

"Basi niandike mimi. Yeye alikataa, nikamlazimisha. Na ukimchukua siku zote tano, mimi nitabaki na nani?"

Nilisimama nje ya dirisha, benchi likinichoma utosi. Miaka yote nilidhani ni mimi niliyejificha kwake.

Mkubwa akakohoa. "Sawa, abaki. Lakini nipe namba yako, Mama."

Siku hizi hanipigii mimi. Kila asubuhi ninayofanyia kazi nyumbani, simu ya mama hulia. Huiweka kwa spika, hunikagua kutoka miguu hadi kichwa, kisha hutoa ripoti:

"Ameamka. Ameketi. Chai amemaliza. Hapana, hajaoga."