Jina la Tumbaku ya Loisi

Loisi alisokota tumbaku kwa miaka kumi na mitano kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba tumbaku inahitaji jina.

Kazi hiyo alijifunza kwa mama yake, huko Igamba, na alipoolewa Tunduma alikuja nayo kama wengine wanavyokuja na vyungu. Majani aliyaanika darini, juu ya moshi wa jikoni. Yakishakauka aliyanyunyizia maji ya asali, akayakatakata kwa kisu kimoja ambacho hakikuruhusiwa kugusa kitunguu. Karatasi za kusokotea zilikuwa magazeti ya zamani aliyopewa na karani wa ushuru pale mpakani. Sigara kumi alizifunga kwa uzi wa katani, akazipanga kwenye ungo, na kila siku ya gulio alikaa mahali pale pale, kando ya kizuizi cha barabara iendayo Rhodesia, ambapo malori hayakuwa na budi kusimama. Mumewe alipofariki, mahali hapo ndipo palipomlisha yeye na wanawe watatu.

Wateja wake walikuwa madereva, wazee, na bibi vizee waliovuta kwa kuuingiza upande wa moto kinywani, ili upepo usiimalize sigara kabla yao.

Mwaka 1952 shemeji yake, Sadoki, mdogo wa marehemu mumewe, alirudi kutoka migodini Kitwe na suti moja, baiskeli, na maneno mengi. Alichuchumaa mbele ya ungo, akachukua sigara moja bila kuuliza.

"Shemeji, hii inaitwaje?"

"Inaitwa tumbaku."

"Hata ya jirani yako inaitwa tumbaku. Kule Kitwe mtu haendi dukani akasema nipe kiberiti. Anasema nipe Simba, nipe Tembo."

"Simba anawasha moto?"

"Utakufa maskini, shemeji, tena huku unacheka."

Jina alilitoa Sadoki mwenyewe, wala hakulitafuta mbali. Siku zile hakuna kitu kilichotamaniwa Tunduma kama darasa la nne. Aliyefaulu mtihani wake aliweza kuwa karani, au mpimaji wa kahawa kule Mbozi. Aliyeshindwa alirudi kwenye jembe, au alivuka mpaka kwenda kuchimba shaba. Sadoki alikuwa ameshindwa mara mbili. Alikata karatasi za daftari vipande vipande, na kwenye kila kipande akachora kijana aliyevaa tai, kitabu kwapani na sigara mdomoni. Chini yake akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: DARASA LA NNE. Kila fungu la sigara kumi likachomekwa kipande kimoja.

Loisi hakujua kusoma, lakini picha aliipenda. Ilimkumbusha mwanawe mkubwa jinsi ambavyo angependa awe.

Sadoki alipanda baiskeli, akazunguka gulioni, akapita hadi njia ya shule, akipiga kengele. "Darasa la Nne! Ya kwanza bure! Usiye nayo umebaki nyuma!" Kufikia mavuno ya mahindi, Loisi alikuwa akiagiza majani kutoka Kamsamba, maana ya kwake hayakutosha tena. Vijana ambao hawajawahi kushika kalamu walitembea na kile kipande cha karatasi kimechomekwa kwenye kofia. Wakiulizwa umefika wapi, walikigusa kwa kidole.

Mwalimu Amoni alikuja akiwa amebeba kofia mkononi. Alikuwa kijana mwembamba, mgeni wa mwaka mmoja pale shuleni, na alimwamkia Loisi kwa heshima kabla ya kusema lililomleta.

"Mama, nina wanafunzi ishirini na wawili. Kumi na mmoja wananuka ungo wako."

"Mwalimu, mimi nimekaa hapa miaka yote. Sijamwita mtoto."

"Wewe hujawaita, mama. Jina linawaita. Hakuna mtoto anayetaka kuwa mzee, ndiyo maana zamani hawakuja. Wote wanataka kuwa darasa la nne."

Loisi alimjibu kwamba mtoto ana wazazi, na wazazi wana fimbo. Jibu hilo aliliona linatosha, na kwa majuma matatu lilitosha kweli.

Kisha akaja Asajile, mkulima kutoka Itaka. Alikuwa ametembea siku mbili, na nyuma yake alikuwa binti yake Tumpe, wa miaka kama kumi na miwili, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Baba alikaa chini kama mtu anayekaa mbele ya mganga.

"Nimesikia una dawa ya mtihani," alisema. "Huyu wangu anafanya mwezi ujao. Avute kabla ya kula au baada ya kula?"

Loisi alidhani anataniwa, akacheka. Asajile hakucheka. Kwao Itaka, kama kwingi Mbozi, dawa nyingi zilivutwa kwa moshi: ya kifua, ya woga, ya kumtuliza mtu aliyefiwa. Dawa yenye jina la darasa la nne, na picha ya aliyefaulu, asingeweza kuidhania kitu kingine.

"Baba, hii ni tumbaku tu," Loisi alisema. "Naivuta mwenyewe, na kusoma sijui."

"Wewe hukukusudia kusoma."

"Nakuambia si dawa! Itamkohoza tu mtoto."

"Dawa kali lazima ikohoze." Asajile alishusha sauti. "Dada, kama ni ya watu wa Tunduma peke yao, niambie. Nimekuja na kuku."

Loisi akakataa kuku, akakataa kuuza. Asajile alisimama akiwa na uso wa mtu aliyenyimwa. Tumpe alimtazama Loisi mara moja, akatazama ungo, akamfuata baba yake. Kabla hawajafika kwenye kizuizi, Loisi aliwaona wakisimama kwa kijana mmoja aliyekuwa na fungu mfukoni. Kijana alitoa mbili. Kuku akabaki kwa kijana.

Siku hiyo Loisi alirudi nyumbani mapema, akatoa karatasi zote kwenye mafungu, akazitia motoni. Gulio lililofuata akauza tumbaku tupu. Haikusaidia kitu. Vijana walikuja vilevile wakisema, "Mama, Darasa la Nne mbili," nao wengine wakavaa karatasi za zamani. Jina lilikuwa limekwisha kutoka kwenye karatasi likaingia katika vinywa, na huko yeye hakuweza kulichoma.

Baraza la wazee likamwita. Mzee Kefa, aliyekuwa akiliongoza, alikuwa mteja wake wa tangu zamani, na aliona haya kidogo kusema.

"Loisi, hapa tunavuta sote. Hakuna anayeisema tumbaku. Tunalisema hilo jina. Magulio mawili tu: kama watoto bado wanakuja kwako kulitafuta, mahali pako kando ya kizuizi atapewa mwingine. Utauza nyumbani kwako."

Nyumbani kwake hakuna lori lililosimama. Loisi alijua, na baraza zima lilijua.

Sadoki hakukata tamaa. Alikaa uani kwa shemeji yake na penseli sikioni. "Jina linafukuzwa kwa jina. Andika Shujaa."

"Shujaa atatakwa na nani? Wazee?"

"Basi Dereva."

"Watoto wote wanataka kuwa madereva, Sadoki."

"Ndege ya Ulaya."

"Mwanangu mdogo anavuta kesho asubuhi."

"Sasa wewe unataka jina ambalo kijana hawezi kulipenda! Biashara ya namna gani hiyo?"

Ndipo alipotokea Nesta njiani, amebeba kuni. Nesta alikuwa mama wa mke mpya wa Sadoki, na Sadoki alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu aoe. Penseli ilianguka. Mtu aliyeona miji mikubwa, mwenye suti, aliruka ukuta wa zizi na kujibanza nyuma ya ghala la mahindi, kichwa chini, mpaka hatua za mkwe wake zikapotea. Ndivyo ilivyokuwa. Kijana hakukutana uso kwa uso na mama mkwe wake, hakula mbele yake, wala kumtaja kwa kinywa, hadi siku familia ya mke itakapomkaribisha mezani na kuondoa mwiko kwa jembe na kuku. Kwa wengine siku hiyo ilikuja baada ya miaka kumi, na hata wavulana wa shule walifundishwa mapema kuuogopa mwiko huo.

Sadoki alipotoka nyuma ya ghala akiwa na makapi nyweleni, Loisi alikuwa ameiokota penseli.

"Andika Mama Mkwe," alisema.

"Nini?"

"Andika, na umchore na mzigo wa kuni."

"Shemeji! Nimchore? Halafu mtu amtie mdomoni, amwashe moto?" Sadoki alirudi nyuma hatua mbili. "Siandiki. Hata Kitwe yote ije hapa, siandiki."

"Basi ni jina zuri," Loisi alisema.

Aliyeandika ni Mwalimu Amoni. Naye alikuwa na mchumba, akaandika amegeuza uso, herufi zikapanda na kushuka. Picha aliichora Loisi mwenyewe kwa mkaa: bibi, mzigo, na jicho moja kubwa kuliko la pili.

Gulio la kwanza vijana walikuja kama kawaida, wakaona picha, wakauliza ni nani, wakaambiwa. Mmoja alirudisha fungu kwenye ungo kwa ncha za vidole. Mwingine, wa kujigamba, aliweka sigara mdomoni mbele ya wenzake, lakini mmoja wao akamwita kwa sauti, "Shikamoo! Mkwe wako anakuangalia!" naye akaitema. Kufikia adhuhuri mzaha ulikuwa umevuka kizuizi na kuingia Rhodesia. Mzee Kefa, ambaye mama mkwe wake alikuwa amezikwa kabla ya vita vya pili, alicheka hadi akashika mbavu, akanunua mafungu matatu. "Miaka thelathini nilimkimbia," alisema. "Leo nimempata."

Mahali kando ya kizuizi pakabaki pa Loisi. Majani ya Kamsamba hakuyaagiza tena, na mwanawe mkubwa alingoja mwaka mmoja zaidi kupata viatu.

Tumpe wa Itaka alifaulu mtihani. Baba yake alirudi Tunduma na kuku wa pili kutoa shukrani. Loisi alimweleza tena, polepole, kwamba msichana amefaulu kwa kichwa chake. Asajile aliitikia kwa adabu, akamwacha kuku amefungwa mguu chini ya ungo, akaenda zake.

Sadoki alivuta sigara za dukani kwa miaka saba. Mwaka 1959 wakwe zake walimkaribisha mezani, akatoa jembe na kuku, akala. Asubuhi iliyofuata alikuja gulioni na suti ileile, imechakaa viwiko.

"Nipe moja, shemeji."

"Moja ya nini? Sema jina."

Sadoki alitazama kulia na kushoto. Nyuma yake Nesta alikuwa ameshika foleni, mkono umenyooka tayari.

"Mwambie haraka, mkwe wangu," alisema Nesta. "Na mimi nataka yangu."

Sadoki akalisema, kwa sauti ndogo, na Loisi akawafungulia fungu moja.