Kiraka cha Baba

Juzi kwenye taarifa ya habari nilimwona mfanyakazi aliyegoma akihojiwa, kaipa kamera mgongo. Nilizima televisheni.

Nilipokuwa mdogo, mchana mmoja huko Kilole, watoto tulikuwa tumekaa sakafuni dukani kwa Mzee Karim, katika harufu ya bizari na mafuta ya taa, tukitazama habari. Wakata mkonge walikuwa wamegoma, baba akiwa mmoja wao. Mtangazaji alisema anayezungumza hatatajwa jina. Ukatokea mgongo wa mwanamume, na sauti nzito kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nilidhani mpiga picha amekosea kusimama nyuma yake. Lakini lile shati nililijua. Begani lilikuwa na kiraka cha kanga nyekundu alichokishona mama.

Niliruka. "Baba yangu huyo! Mnamwona? Baba yangu!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Karim alizima televisheni haraka. "Kaa chini, binti."

Mlangoni alikuwa amesimama nyapara wa shamba, akinunua sigara. Alitabasamu, akaninunulia pipi. Nilimwamkia shikamoo, nikaipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi yake baba aliitwa ofisini. Alirudi akiwa amefukuzwa kazi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulinijuaje, mwanangu?"

"Kwa kiraka," nilijibu, bado najivuna.

 Mama alilichukua lile shati na wembe, akakaa kizingitini, akakifumua kiraka uzi mmoja mmoja.